Kikohozi

Nilimkuta Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri,
chini ya baiskeli yangu, nyuma ya kiwanda cha mikate:
kasuku mdogo wa kijivu, shavuni duara la chungwa,
kishungi kimelala, bawa la kushoto likiburutika thelujini
kama koti lililovaliwa mkono mmoja.

Sijui ndege. Najua unga, najua hamira.
Nikamtia katika kasha la viatu vya mke wangu,
nikalitoboa kwa uma,
nikaliweka mbali kidogo na tanuri: joto, lakini si kuoka.

Sasa nani? Szeged ina mto, ina madaraja,
ina daktari wa ng'ombe, daktari wa mbwa,
hata mtu anayejiita daktari wa piano.
Kliniki ya sokoni walifungua mlango nusu.
"Ndege hatupokei. Jumatatu, labda. Labda."
Hiyo labda ya pili ndiyo iliyoniuma.

Kuuliza si ujinga,
ila kuuliza huku umebeba kitu kinachokufa kunachosha magoti.
Muuza magazeti akanituma kwa fundi saa;
fundi saa akasema, "Mimi nafuga samaki,
nenda kwa Bendegúz, yule wa njiwa wa mashindano,
ng'ambo ya reli, mlango wa kijani usio na kengele."

Bendegúz alitoka na joho la kuogea na viatu vya mpira.
Hakunisalimu. Alimsalimu ndege.
Kidole kimoja kikapita juu ya bawa, taratibu,
kama asomaye barua gizani.
"Halijavunjika. Limeteguka. Umempa maji?"
Nimemdondoshea mdomoni.
"Usirudie. Utamzamisha akiwa nchi kavu.
Weka kisosi, akitaka atakunywa. Na mkate?"
Nikanyamaza. Mwoka mikate, nimnyime mkate?
"Mtama," akasema. "Giza. Kimya.
Na huruma yako, ionee moyoni."

Nikabandika tangazo kwenye nguzo ya kituo cha tramu:
AMEPATIKANA. Rangi ya shavu sikuitaja;
mwenye mali, alinionya Bendegúz, ataitaja mwenyewe.
Walipiga simu watatu.
Mmoja alisema kijani.
Mmoja alisema yeyote tu, mwanangu analia.
Wa tatu alipumua, akakata.

Siku ya nne ndege akakohoa.
Si mlio. Kikohozi cha mvuta tumbaku:
kikavu mara mbili, kisha kile cha chini, chenye kokoto,
kisha "naam," kwa sauti ya kujilaumu.
Mke wangu akaacha kumenya viazi.
"Mpeleke kwa mfamasia," alisema. "Si kwa dawa. Amsikilize."

Bibi Etelka aliinamia kasha, akasubiri.
Kikohozi kikaja. Akavua miwani.
"Huyo ni Vendel, mtaa wa Wasokota Kamba.
Kila Alhamisi chupa moja ya dawa ya kifua.
Alhamisi mbili sasa hajaja."

Jirani yake akatusimulia: gari la wagonjwa, machela, ngazi nyembamba,
mlango ulioachwa wazi.
Siku kama hiyo nani ahesabu ndege?
Baadaye alikumbuka, akaandika AMEPOTEA,
akabandika langoni, upande wa uani.
Tangazo lake na langu: nguzo nne kati yao,
zikipeana mgongo siku zote hizo.

Wodi ya ghorofa ya tatu haipokei wenye manyoya.
Lakini muuguzi wa zamu alishika simu sikioni pa Vendel,
nami yangu nikaisogeza kwenye tundu la kasha.
Nikasema halo. Hakuna.
Mtama ukadondoka, punje moja moja.

Kisha, kutoka upande ule, kikavu mara mbili.
Kishungi kikasimama.
Na upande huu, ndani ya kasha la viatu, kikaja cha tatu,
kile chenye kokoto,
ambacho mzee hakuwa tena na pumzi ya kukifikia.

Na lile "naam" —
mpaka leo sijui lilisemwa na nani.